Mafundi baiskeli wa Tabora mjini, bisibisi zenu zimetutosha!

Wakuu, habari za jioni. Modereta, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za vipuri. Hili ni jambo jingine.

Baiskeli yangu imeingia kwa fundi na pancha moja ya mbigili. Imetoka na tyubu iliyochanika, ringi iliyobonyea ukingoni, na mimi nikadaiwa hela ya tyubu mpya. Nimekaa nimejiuliza nicheke au nilie.

Nianze na hiyo mbigili. Ukipita njia za pembeni huku Ipuli utachomwa tu, hakuna wa kumlaumu. Tundu lake ni dogo la ncha ya sindano: kiraka kimoja, solusheni, upepo, safari inaendelea. Fundi (simtaji, na kijiwe chake sikitaji, maana tabia hii si yake peke yake) akajaribu kuvua tairi kwa vidole, likagoma. "Kaka, tairi lako bishi hili." Akachomoa bisibisi, akaizamisha karibu ifike mpini, akailalia kama anayefungua kopo la rangi. Akaongeza ya pili. Nikamwambia twende taratibu, akanijibu nisimfundishe kazi iliyomlea. Tairi likatoka kwa kishindo, tyubu nayo ikatoka na mchano ubavuni, umenyooka, urefu wa kucha. Akanionyesha bila hata kupepesa macho: "Unaona? Miiba ya msimu huu mikali."

Mwiba gani unaochana tyubu ubavuni kwa mstari ulionyooka, wakuu?

Kila mwenye baiskeli ajifunze kusoma tyubu kabla ya kutoa hela. Kilichotoka barabarani hupenya kwenye uso wa tairi, kwa hiyo tundu lake huwa upande wa nje wa tyubu. Tundu la upande wa ndani, ule unaotazama spoku, limetoka kwenye ringi yenyewe: spoku imechomoza au utepe unaofunika vichwa vya spoku umehama. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni tyubu iliyobanwa, ama ulipita kwenye jiwe upepo ukiwa mdogo, ama mtu ameibana kwa chuma wakati wa kurudisha tairi. Na mchano wa ubavuni, karibu na pale tairi linapoingia kwenye ringi, huo ni bisibisi. Ukiuona, usilipe. Simama hapo hapo muongee.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba tairi gumu halihitaji hizo nguvu zote. Ukingo wa tairi una waya ndani yake na waya ule hauvutiki. Ulalie na bisibisi, ulalie na nondo, mzunguko wake ni ule ule. Ili upite juu ya ukingo wa ringi lazima upewe nafasi sehemu nyingine, na nafasi hiyo ipo: katikati ya ringi kuna mfereji uliozama kuliko pale pembeni waya unapokalia. Ukiusukumia waya kwenye mfereji upande mmoja, upande wa pili unalegea. Ni milimita chache tu, lakini ndizo zote unazozihitaji.

Na haya si mambo ya jana. Tairi la upepo la Dunlop la mwaka 1888 lilikuwa la kugandishwa kwenye ringi, na kuziba pancha ilikuwa shughuli ya kweli. Mwaka 1890 Mwingereza mmoja, Charles Kingston Welch, akaja na ukingo wenye waya pamoja na ringi yenye mfereji. Reli ya Kati imefika Tabora mwaka 1912. Maana yake maarifa haya yameitangulia treni ya hapa mjini kwa zaidi ya miaka 20, na fundi wangu bado analalia bisibisi!

Alichotakiwa kufanya ni hiki. Upepo utoke wote kwanza. Hizi baiskeli zetu za valvu ya kimpira, unafungua nati na kuchomoa valvu nzima, ndipo tyubu inalala kabisa. Halafu unazunguka na vidole gumba, pande zote mbili, ukibana tairi liingie katikati mpaka libanduke ringi nzima. Hatua hii wengi wanairuka. Ringi za chuma zina kutu, mpira uliokaa muda mrefu unagandia pale, mtu hajaubandua anaanza kusema tairi bishi. Likikataa kabisa, paka maji ya sabuni ukingoni. Nimesema maji ya sabuni. Kuna mafundi wanamwagia mafuta ya taa au dizeli, na mafuta hayo yanauvimbisha mpira na kuula.

Baada ya hapo ndipo unainua, na unaanzia karibu na valvu. Shina la valvu limekaa ndani ya mfereji, kwa hiyo hapo waya hauwezi kuzama hata ufanye nini. Basi uache uzame upande wa mkabala, wewe inua upande wa valvu. Tairiliva, yaani kile kichuma bapa cha kuvulia tairi, iingie kidogo tu, ishike waya peke yake, isiifuate tyubu. Uikwamishe kwenye spoku, uweke ya pili spoku mbili tatu mbele, na mara nyingi sehemu iliyobaki inajivua yenyewe. Kurudisha ni kwa mikono, unamalizia pale pale kwenye valvu, na kabla ya kujaza upepo unaisukuma valvu juu kidogo ili tyubu isibaki imebanwa chini ya waya. Kama tairiliva huna, mpini wa kijiko kizito usio na kona kali una afadhali mara nyingi kuliko bisibisi. Ringi za alumini ndizo zinazoumia zaidi, ukizikazia chuma ukingo unapinda na breki zinaanza kushika na kuachia.

Sasa sikilizeni uhondo wenyewe. Nimefika nyumbani nikaifumua ringi kujua kwa nini linabana kiasi kile. Nikakuta ule utepe wa kufunika vichwa vya spoku umetengenezwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, vinene, vimezungushwa tabaka mbili na kufungwa fundo. Mfereji wote umejaa! Waya utazama wapi? Aliyefunga vile ni fundi pia, wa hapa hapa mjini. Kwa hiyo fundi mmoja anaziba mfereji, mwenzake anakuja kulalamika kwamba tairi ni gumu, na anayelipa katikati ni mimi. Nimetoa takataka zote zile, nimezungusha plasta ya kitambaa tabaka moja, nimerudisha tairi lile lile kwenye ringi ile ile. Nimelivua tena kwa vidole, bila chuma chochote. Tairi bishi liko wapi?

Wauza vipuri nao wasijifiche nyuma ya mafundi. Ukienda dukani ukisema unataka tairi la 28, unapewa linaloanza na 28, basi. Ukiuliza swali la pili unaonekana msumbufu. Kumbe 28 x 1 1/2, lile la baiskeli zetu ndefu za mizigo, waya wake unakalia kipenyo cha milimita 635, na kuna matairi mengine yanaandikwa 28 ambayo ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13! Hilo hata umwite bondia haliingii. Kwenye 26 ndiyo balaa zaidi: 26 x 1 3/8 ni milimita 590, zile pana za baiskeli za gia zilizoandikwa 26 x 1.95 ni 559. Zote "ishirini na sita". Ubavuni mwa tairi huwa pameandikwa namba za aina ya 40-635 au 37-590. Ya kwanza ni unene, ya pili ndiyo kipenyo, na ya pili ndiyo inayotakiwa ifanane na la zamani. Nendeni dukani na hiyo namba mkononi. Muuzaji mmoja nilipomwonyesha kwamba namba hazifanani aliniambia, "Mwambie fundi alivute, litaingia." Waya, wakuu. Alivute waya.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Mkuu uliyeandika "nunua pikipiki", asante, nikipata hela nitakumbuka ushauri wako. Kwa sasa Tabora inatembea kwa baiskeli. Mkaa unaingia mjini kwa baiskeli, mwanafunzi anapelekwa shule kwa baiskeli, wenzetu wa daladala za baiskeli wanasomesha watoto kwa keria hiyo hiyo. Mtu wa daladala akichaniwa tyubu asubuhi, hesabu ya siku imeondoka.

Mkuu uliyejitambulisha kuwa fundi wa Isevya, umesema pancha ni jero na kwa jero hakuna muda wa kuzungusha vidole gumba. Kwenye jero nakuelewa, ni hela ndogo, na mimi ningelipa buku kwa moyo mweupe kwa anayefanya kazi safi. Kwenye muda hapana. Kubandua tairi kwa vidole ni kazi ndogo kuliko kupigana na bisibisi mbili huku unatokwa jasho. Na ile hoja yako ya kwamba tairiliva za baiskeli ni adimu madukani, mbona spana zote unazo? Kipande cha chuma bapa, ukisugue msasa kona zote, ukipinde mdomo kidogo, tayari. Kwa fundi chuma yeyote hiyo ni kazi ya kusubiri umesimama.

Aliyeuliza kama nililipa ile tyubu: sikulipa. Nilimlipa hela ya pancha tuliyokubaliana, tyubu nikaibeba, nikaukokota mkweche wangu mpaka Cheyo juani. Wapita njia walinipa pole nyingi.

Sasa naomba kitu kimoja. Mwenye kujua kijiwe cha fundi anayetumia tairiliva kuanzia Kiloleni, Ng'ambo mpaka Cheyo, aandike mtaa hapa chini, tukampe kazi. Na wenye picha za tyubu zilizochanwa ubavuni ziwekeni, halafu huyo wa miiba mikali aje atueleze ni mwiba wa mti gani.