Naomba ushauri: kundi la WhatsApp la familia limemsahau mama

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jambo linaniumiza, naombeni mawazo yenu.

Kwetu tuko sita, tumetawanyika Dar, Mwanza, Arusha, na dada yupo Muscat. Mama yuko Muheza, anatumia kitochi. Zamani kila mmoja alikuwa anampigia, japo kumsalimia tu. Tangu tufungue kundi la familia kila kitu kinaishia humo: mtoto kafaulu, fulani anaumwa, mchango wa harusi. Tunaongea humo kutwa nzima, mama hana habari.

Juzijuzi mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja, alilazwa. Binamu akaweka kwenye stetasi picha yake akiwa na dripu. Mama alikuja kuambiwa na jirani aliyeiona. Alinipigia analia: "Mwanangu, mnanificha kwa kuwa nimezeeka?"

Nilipolileta kundini, kaka mkubwa akasema anunuliwe simu janja, yaishe. Lakini mama ana mtoto wa jicho, kusoma meseji hawezi, na pale kijijini mtandao unasumbua. Halafu mimi naona anachokosa siyo taarifa, ni kuulizwa hali na yeye akauliza za wajukuu. Dada namwelewa, kupiga kitochi kutoka Oman ni gharama. Hawa wa hapa nchini je?

Waliopitia hili, mlipangiana zamu za kupiga au mlifanyaje? Na mimi ndiye kitinda mimba, niwaambieje wakubwa zangu bila kuonekana nawafundisha adabu?