Ekstensheni mbili zinachomoka kila zikivutwa, mnazifungaje?

fundi_mageti
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi mageti, sasa hivi nipo saiti ambayo umeme bado haujaingia, tunavuta kwa jirani kama mita 40 hivi, kwa hiyo nimeunga ekstensheni mbili za mita 20 20. Shida ni pale zinapoungana. Toroli ya zege ikipita, mtu akijikwaa, au mimi mwenyewe nikisogea na grenda hatua mbili tu, plagi imechomoka. Nilizungushia soletepu nyeusi ikakaa asubuhi moja, jua lilipowaka gundi ikalainika ikateleza yote.

Kilichonifanya niandike ni cha juzi. Umeme ulikata katikati ya kukata flatibaa (chuma bapa), nikaweka grenda chini miguuni nikageuka kumuita kijana, nimesahau kabisa swichi yake bado imelokiwa kwenye kuwaka. Saidia fundi wangu akawahi kuchomeka kule. Grenda ikawaka yenyewe pale chini, ikaruka, ikachana buti yangu pembeni. Mguu haukuguswa, namshukuru Mungu, ila usiku sikulala vizuri. Naombeni msaada.

spika_za_harusi
Pole sana kaka. Sisi wa muziki tunafunga fundo kabla ya kuchomeka. Chukua waya wenye plagi na waya wenye soketi, rudi nyuma kama futi moja kila upande, zipishanishe mara moja tu kama unavyoanza kufunga kamba za viatu, halafu ndo uchomeke. Mtu akivuta, nguvu inaishia kwenye fundo, plagi yenyewe imelegea tu haina habari. Usilikaze sana maana waya ukikunjwa mahali pamoja kila siku unakatika kwa ndani.

Na hizi plagi zetu za pini tatu bapa waya unatokea kwa chini, kwa hiyo ukivutwa plagi inainama kwanza upande mmoja, pini zinabaki zimegusa nusu, hapo ndo cheche zinapoanza.

mama_nyaya
Fundo ni sahihi ila mdogo wangu usiishie hapo. Plagi inayochomoka kirahisi hivyo mara nyingi soketi yake imechoka, vile vibati vya ndani vimepanuka havibani tena. Fanya kazi nusu saa, zima kwa jirani, chomoa, shika pini. Zikiwa za moto hiyo soketi badilisha, ukiifunga fundo utakuwa umeufungia moto ndani.

Kingine fungua plagi uangalie kile kibano cha waya kama kimeshika ganda la nje, siyo zile nyaya ndogo za rangi. Waya wa erthi, ule wa kijani na njano, uache mrefu kidogo kuliko wa kahawia na wa bluu, ili ikitokea waya umenyofoka erthi iwe ya mwisho kuachia. Na ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote, ikibaki imeviringwa huku grenda inavuta umeme inapika ganda lake.

Hilo la grenda limenishtua kweli. Wekeni sheria, hakuna anayechomeka mpaka mwenye mashine ajibu kwa mdomo wake kwamba swichi imezimwa.

mita_thelathini
Kama ni kazi ya kila siku tafuta plagi na soketi za bluu za viwandani, za 16A, zile za duara. Kifuniko chake kina jino linalokamata plagi, haitoki mpaka ukinyanyue. Ila ile inayochomekwa kwa jirani ibaki ya kawaida yenye fyuzi ya 13A. Waya nunua wa 2.5mm kwa umbali huo. Wa 1.5mm ukiwa mita 50, mashine ikivuta ampea 10, unapoteza kama volti 14 njiani, utaona grenda inalalamika.

fundi_mageti
Wakuu nimerudi. Leo nimefunga fundo, nimeinua maungio juu ya tofali yasikae kwenye maji ya zege, na njia ya toroli tumeihamisha. Toka saa mbili asubuhi haijachomoka hata mara moja. Dada mama_nyaya, nilipofungua plagi kibano kilikuwa na skrubu moja tu, waya unacheza, na soketi tundu moja limeshaungua limekuwa la kahawia, nimeitoa nimeweka mpya. Kijana naye sasa anapiga kelele "imezimwa?" na hachomeki mpaka nimjibu. Hizo za bluu nitanunua nikilipwa geti hili.