Seksheni ibebe rashasha ipi: ya magazini au ya mkanda?

Kwata_Kali (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kuna ubishi umenishinda kuumaliza na jamaa yangu, nauleta hapa. Seksheni ya askari wa miguu, tuseme watu 9 kama ya jeshi la nchi kavu la Marekani au 13 kama walivyozoea Marine (askari wa majini wa Marekani), silaha yake ya kumwaga risasi iwe ipi?

1. Bunduki nyepesi ya magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa chini): M27 ya Marine, au RPK ya Warusi.
2. Rashasha nyepesi ya mkanda (risasi zimeunganishwa kama mshipi mrefu): Minimi ya Wabelgiji, ambayo Wamarekani wanaiita M249. Risasi zake ni zilezile ndogo za M27, za milimita 5.56.
3. Rashasha ya risasi nene: PKM au FN MAG.

Mimi nipo na M27. Ikiwa tupu ina kilo 3.6 hivi, M249 ina zaidi ya 7. Inalenga vizuri, na kwa mbali inafanana na bunduki za wenzako, kwa hiyo adui hajui amwanze nani. Marine waliianza kwa wapiga rashasha wa seksheni tu, baadaye wakawapa askari wa miguu wote. Jamaa yangu anasema hiyo si rashasha, ni bunduki ya kawaida iliyonenepa mtutu. Nani yuko sahihi?

Mtutu_wa_Akiba
Mkuu, jamaa yako kakushinda. Rashasha ya seksheni kazi yake ya kwanza si kuua wengi. Ni kumlaza adui chini asiinue kichwa, ili wenzako wapate dakika moja au mbili za kusogea. Akisikia kimya kirefu tu, ameinuka.

Sasa piga hesabu. Mwendo wa kawaida wa rashasha inayofanya kazi ya kueleweka ni risasi 100 kwa dakika. Ukiwa na magazini ya 30, unabadilisha kila sekunde 18. Kila sekunde 18! Na mtutu wa M27 haubadilishwi vitani. Ukipata moto, umepata moto.

Halafu hiyo shabaha unayoisifia ina bei yake. M27 inapiga bolti (chuma kinachosukuma risasi) ikiwa imefungwa, risasi imeshakaa ndani ya chemba, yaani nyuma ya mtutu. Ndiyo maana inalenga vizuri. Lakini chemba ikishachemka, risasi inayokaa humo inaweza kujifyatua yenyewe. Rashasha za mkanda bolti yake inasubiri nyuma, chemba iko wazi, hewa inapita. Waliozibuni hawakuwa wajinga.

Kwata_Kali
Lakini Marine nao si wajinga, mkuu.

Mtutu_wa_Akiba
Sijasema. Ila hawakuzitupa M249, walibaki nazo kiasi kwenye kombania (kundi kubwa lenye platuni kadhaa), na rashasha nzito zipo kwenye platuni ya silaha. Wewe unalinganisha kana kwamba seksheni inapigana peke yake duniani.

Bega_la_Kushoto
Ngoja niingie, maana mimi MAG nimeibeba kweli. Miezi kumi na moja, na sikuiomba.

Kitu ambacho hakuna mtu anakisema kwenye mijadala ya namna hii: rashasha ya mkanda si silaha ya mtu mmoja. MAG yenyewe ni karibu kilo 12. Mkanda wa risasi 100 ni kilo 3 hivi. Ukitaka risasi 600, ambazo ni dakika 6 tu kwa mwendo aliousema mkuu hapo juu, hizo ni kilo 18. Mpigaji hawezi. Kwa hiyo namba mbili, yaani msaidizi wa mpigaji, anabeba mtutu wa akiba na mikanda, na mikanda iliyobaki inagawiwa kwa kila mtu, mpaka kamanda wa seksheni anatembea na mkanda wa rashasha isiyo yake.

Na namba mbili si mpagazi. Analala kushoto kwa mpigaji, anaushika mkanda uingie bila kujikunja, anatazama risasi zinaangukia wapi na kusema "juu", "kulia", maana mpigaji mwenyewe haoni kitu kwa vumbi na mtikisiko. Zikifika dakika 10 za mwendo ule, mtutu unabadilishwa. Bolti nyuma, unashika mpini wa mtutu, unazungusha, unauchomoa. Siku moja nilipokuwa namba mbili niliuweka juu ya majani mabichi. Yalichemka, mvuke ukapanda, na nilipouinua ulikuwa umeacha mstari mweusi ardhini kama uliochorwa kwa rula. Vipingili vya mkanda navyo vinaruka vya moto. Kimoja kiliniingia kwenye kola, sitakisahau.

Kwa hiyo swali si bunduki ipi. Swali ni una watu wangapi wa kuihudumia. Seksheni ya watu 9 ukiwatoa wawili kwa MAG, wamebaki saba, na kati yao mmoja ni kamanda, mwingine ana kirusha guruneti. Hesabu mwenyewe nani atakwenda kuvamia handaki.

Mkanda_Mrefu
Hapo ndipo PKM inapoingia, waungwana. Ina kilo 7.5, yaani uzito wa M249, lakini inapiga risasi nene na ndefu za milimita 7.62. Sanduku la risasi 100 linaning'inia chini yake, mtu mmoja anakimbia nalo. Kasoro ninayoikubali ni mkanda wake: hauachani kama wa MAG, unatoka upande wa pili mtupu na kuning'inia kama ulimi wa mbwa. Ukihama haraka unaukanyaga.

RPK msiiongelee sana. Ni AK iliyorefushwa, mtutu wake nao haubadilishwi, magazini ya 40 au dramu ya 75. Warusi wenyewe kabla yake walikuwa na RPD ya mkanda, wakaiacha kwa sababu walitaka kila mtu kwenye seksheni apokezane magazini na mwenzake. Hiyo hoja ina uzito, nakiri.

Mzee_wa_Handaki
Ubishi huu una umri kuliko ninyi nyote. Kwenye vita kuu ya pili Wajerumani waliijenga seksheni kuzunguka MG34 na baadaye MG42, iliyokuwa inatema risasi kama 1,200 kwa dakika. Askari wengine kazi yao kubwa ilikuwa kuilinda na kuibebea mikanda. Waingereza wakawa na Bren ya magazini ya risasi 30, magazini zimegawanywa kwa kila mtu. Majeshi yote mawili yalipigana miaka sita na hakuna aliyebadili mawazo.

Karibuni Waingereza haohao wameitoa Minimi kwenye seksheni zao, wakaendelea kuitegemea MAG na bunduki ya mlenga shabaha. Na jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2022 lilichagua bunduki na rashasha mpya za risasi ya 6.8, zote za SIG Sauer. Risasi ni nzito zaidi, magazini ni ya 20, kwa hiyo askari anatoka na risasi chache kuliko za M4, bunduki inayobadilishwa. Kila mara ni kupunguza hapa ili uongeze pale.

Tabibu_Mkimya
Mimi nilikuwa mtu wa huduma ya kwanza, silaha yangu ilikuwa ya kujilinda na kuwalinda majeruhi wangu tu, ndivyo Mkataba wa Geneva unavyotaka. Naongeza moja tu: mpigaji rashasha ndiye anayetafutwa na kila mtu upande wa pili. Kwa hiyo namba mbili lazima ajue kupiga vilevile kama yeye. Nimewahi kuona mazoezini mpigaji "anauawa" na msimamizi, namba mbili anabaki kaduwaa ameshika mkanda. Silaha ya kilo 12 imelala pale, haina mtu.

Roketi_Begani
Mnabishana rashasha wakati ukuta ukiwa mbele yenu hakuna hata moja kati ya hizo itakayowasaidia. RPG-7, kirusha roketi cha begani, kilo 7 hivi bila roketi, inamaliza mjadala.

Bega_la_Kushoto
Inamaliza na maficho yako pia. Moto wa nyuma unainua vumbi, kila mtu anajua umepigia wapi. Na ukiwa na upepo wa pembeni roketi inageuza pua kuufuata kule unakotoka, wageni wote wanalenga kinyume.

Roketi_Begani
Hilo la upepo kweli. Ndiyo maana nasi tuna namba mbili.

Kwata_Kali
Sawa wakuu, M27 naiweka chini. Jamaa yangu asijue kwanza. Nachukua PKM kama watu ni wachache, MAG kama kuna namba mbili wa kueleweka. Swali la mwisho kwa Bega: seksheni ikipewa MAG, inaamuliwaje nani aibebe? Mwenye nguvu? Mwenye shabaha?

Bega_la_Kushoto
Kitabu kinasema mwenye shabaha. Kwetu alikuwa aliyechelewa paredi.