Peggy Guggenheim: mfadhili wa wasanii au mfanyabiashara tu?

ZabibuChachu:
Wadau za jioni, hapa Dom umeme umekatika nasoma kwa simu mambo ya huyu mama wa Marekani, Peggy Guggenheim, kazaliwa 1898, baba yake akafa na meli ya Titanic 1912, akaachiwa hela, na hela zenyewe akazipeleka kwenye picha za wachoraji ambao kipindi hicho walikuwa hawana soko kabisa. Hivi huyu ni mfadhili kweli au alikuwa ananunua kwa bei chee akingoja zipande?

FundiFremu:
Vyote mkuu. Cheki stori ya mchoraji Jackson Pollock, jamaa alikuwa kibarua kwenye jumba la picha la Solomon, baba mkubwa wa Peggy. 1943 mama akamwambia achana na hiyo kazi, nakupa dola 150 kila mwezi, we chora. Ila picha zisipouzika za kutosha kufidia, mama anabeba picha. Biashara hiyo, lakini nani mwingine angekulipa ukae nyumbani uchore?

NyuziMbili:
Mjomba wangu anapiga zeze Chamwino huko, mabosi wanamwita kwenye sherehe zao, anapiga mpaka jasho linamtoka, mwisho wanapiga naye picha wanampa soda na elfu kumi ya bodaboda. Kesho yake yuko kwenye mtama, zeze liko ukutani. Aje huyo mama na mkataba wake, mjomba anasaini hata hajasoma.

MamaWawili:
Hapo kwenye kusaini hujasoma ndipo mnapopigwa mwanangu. Pollock alikufa 1956, na 1961 huyohuyo mama akamshtaki mjane wake, Lee Krasner, eti walimficha picha zilizokuwa haki yake kwa mkataba. Mjane!

FundiFremu:
Kweli dada, ila useme na upande wa pili. Ile picha kubwa aliyomwagiza Pollock, upana kama mita 6, aliwapa bure Chuo Kikuu cha Iowa 1951. Na kipindi cha vita alitoa hela kuwatoa wasanii Ulaya wasikamatwe na Wanazi, mmojawapo Max Ernst (huyu akamuoa kabisa hehe).

ZabibuChachu:
Umeme umerudi. NyuziMbili, mjomba kwa mwezi anataka shilingi ngapi? Za Titanic sina, ila kikundi chetu cha ofisini tunaweza tukachanga, na mkataba MamaWawili ausome kwanza.