Tupeane uzoefu: Mbwa wako alipoanguka degedege ghafla nyumbani, ulifanyaje?

Mtu wa Kiloleni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukae kidogo kwenye jambo hili, maana limenikuta na sikuwa na pa kushika.

Nina mbwa dume anaitwa Popi, wa kienyeji, umri miaka 3. Nipo Kiloleni, Tabora mjini. Alhamisi iliyopita saa tisa usiku, umeme umekatika, nikasikia sufuria yake ya maji inagonga ukuta: ta-ta-ta-ta, bila kupumzika. Nikajua ni mwizi. Kutoka na tochi ya simu, namkuta Popi amelala ubavu barazani, shingo imekakamaa kwa nyuma, miguu yote minne inapiga kama anaogelea, meno yanagongana, povu limejaa mdomoni, amejikojolea. Macho yapo wazi lakini hanioni. Ni mguu wake wa nyuma uliokuwa unaipiga ile sufuria.

Nilikosea karibu kila kitu. Nilimwita kwa sauti kubwa. Nikamkandamiza kichwa atulie. Mwanangu akaleta kijiko, nikajaribu kukipenyeza asijing'ate ulimi, kama tulivyozoea kuona wakifanyiwa watu wenye kifafa. Taya likafunga kwenye kidole changu. Hakuning'ata kwa ukali, hakujua hata kama nipo. Mke wangu naye akamwagia ndoo nzima ya maji usoni. Kisha hali ikaisha yenyewe. Mimi nasema zilikuwa dakika mbili, mke wangu anasema kumi. Hakuna aliyetazama saa.

Alipoamka akawa anazunguka ua, anajigonga kwenye geti na kwenye mwembe kama kipofu, hanijui. Majirani wameshajaa, mmoja ana panga: "Hicho kichaa, mmalizeni kabla hajang'ata mtoto." Kilichomwokoa ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mke wangu aliingia ndani akatoka nayo, akawamulikia tarehe. Na mzee wetu wa nyumba ya pili, mtu wa msikitini, ambaye siku zote mbwa hamsogelei kwa ajili ya twahara yake, ndiye aliyesimama katikati akasema, "Mwacheni mnyama apumue kwanza." Alisimama pale mpaka watu wakatawanyika. Alfajiri nilimwona bombani anaosha upindo wa kanzu uliorukiwa mate, mara saba, moja kwa udongo, taratibu, bila neno. Nilimpelekea shukrani na machozi yakanitoka.

Kufikia saa kumi na mbili Popi alikuwa amemaliza ugali wote na anatikisa mkia. Kidole nilikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kulipokucha nikaenda hospitali.

Aliyepitia haya aseme: ulifanya nini, na ungejua mapema ungeacha kufanya nini?

Mwana Isevya

Pole sana mkuu. Pole ya kidole pia. Mimi wa kwangu alipoanguka nilikimbia nje nikamwacha peke yake, mpaka leo naona aibu.

Afisa Mifugo Mstaafu

Mwanangu wa Kiloleni, pole, na usijilaumu. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi wilaya za mkoa huu, na kijiko nimekikuta kila nyumba.

Ngoja nianze na hicho. Mbwa hamezi ulimi wake. Anaweza kuung'ata ukatoka damu kidogo, utapona. Ukiingiza mkono au kijiko utavunjika wewe kidole au yeye jino. Kazi yako wakati ule ni kuondoa vitu kama meza na sufuria, na kumkinga na ngazi au kisima kilicho karibu. Watoto na mbwa wengine watoke. Zima redio, punguza mwanga, punguza maneno. Ikibidi kumsogeza, shika ngozi ya mgongoni au mvute kwa gunia alilolalia, ukae upande wa mgongo, mbali na mdomo.

Halafu saa. Degedege nyingi za mbwa huisha ndani ya dakika moja au mbili, ingawa mwenye mbwa huona ni robo saa. Ikifika dakika 5 haijaisha, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo zikija mbili au zaidi ndani ya saa 24, au ikija nyingine kabla hajarudiwa na fahamu. Misuli ikifanya kazi muda mrefu hivyo mwili unachemka, ubongo unaumia. Mkiwa njiani kuelekea kwa daktari mlowanisheni tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida na mmpepee. Usimwagie usoni, atayavuta mapafuni.

Kama kuna mtu wa pili, achukue video kwa simu. Mbwa akifika kwa daktari huwa ameshatulia, na daktari hana cha kuona. Video ya nusu dakika inamweleza kama ni degedege, au ni moyo uliozimia, au ni sumu.

Kuzunguka kama kipofu baada ya hapo ni sehemu ya tukio lenyewe. Huweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Wengine hula kupita kiasi, wengine wanasahau mlango wa nyumba. Usimkumbatie wakati huo, anaweza kung'ata kwa woga. Na usimpe chakula wala maji mpaka asimame vizuri na akutambue.

Binti Urambo

Shikamoo mzee. Naomba niweke ya kwetu, ingawa haikuisha vizuri.

Sisi ni watu wa tumbaku. Msimu wa kupulizia, kaka yangu aliosha bomba la dawa ya wadudu, yale maji ya kusuuzia akayaacha kwenye ndoo nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Mchana wa jua kali, mbwa wetu Askari akayanywa. Nusu saa haikuisha akaanza kutoa mate kama kamba, machozi yanamtiririka, anaharisha, mwili unacheza kuanzia mashavuni mpaka mapajani. Kisha akaanguka.

Watu wakasema maziwa. Mama yangu mdogo akamshika, kaka akammiminia nusu lita ya maziwa mdomoni naye yuko kwenye degedege. Tuliyasikia yakikoroma kifuani. Afisa mifugo wa kata alifika kwa bodaboda na sindano ya atropini, dawa ya kukabili sumu kama ile, akamchoma, kutetemeka kukapungua kabisa. Tulishangilia. Lakini usiku akaanza kupumua kwa shida, asubuhi ya pili akafa. Afisa alituambia sumu ilikuwa inashindwa, ni maziwa yaliyoingia mapafuni.

Jamani, mbwa aliye kwenye degedege msimnyweshe kitu. Maziwa, mafuta, yai bichi, maji ya mkaa, vyote acheni. Bebeni kopo la dawa lenye jina lake mkimbie nalo. Afisa alisema lile kopo ndilo lililomfahamisha achome nini.

Mkazi wa Ipuli

Nyongeza kwa dada wa Urambo. Hata ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kijana wangu alimpaka mbwa ikiwa haijachanganywa na maji ili kupe wafe haraka. Akaanza kutetemeka. Tulivaa glavu, tukamwosha kwa sabuni ya kipande na maji mengi mara tatu, tukampeleka na chupa yake. Huyu alipona. Pia ile sindano ya minyoo ya ng'ombe, aivamekitini, watu wanakadiria kwa macho. Mbwa wa kilo 15 anapewa kipimo cha ndama, halafu akianguka wanasema karogwa.

Mama wa Ujiji

Kaka wa Kiloleni, pole. Niko huku Kigoma mwisho wa reli, upande wa Ujiji. Wa kwangu alikuwa jike mdogo, amezaa watoto 8, wana wiki tatu. Asubuhi nikamwona anahema sana, hatulii, anawakimbia watoto wake. Adhuhuri anatembea miguu imekakamaa kama meza. Alasiri akaanguka, mwili wa moto, anatetemeka wote.

Mimi nilijua ni kifafa. Daktari alipofika aliuliza jambo moja tu: "Ananyonyesha?" Akasema watoto wamemmaliza kalsiamu. Alimwekea dripu ya kalsiamu kwenye mshipa, polepole mno, huku amemwekea kipimo cha kusikiliza moyo kifuani, maana ikienda haraka moyo unaweza kusimama. Nilikuwa nimeshika tochi. Niliona ule mguu wa mbele unalegea kidogo kidogo, kama kamba inayofunguliwa, mpaka akaweka kidevu chini akanitazama.

Watoto tuliwatenga siku ile, tukawapa uji wa maziwa. Mama alikuwa anakula pumba na ukoko wa ugali tu, na hilo nalijutia. Sasa anayenyonyesha kwangu anapata dagaa kila siku, tena wale wakavu na vichwa vyao.

Kijana wa Sikonge

Kwangu ni mtoto wa mbwa wa wiki saba, tumbo limejaa minyoo, hajala tangu jana yake. Akalegea, akarusha miguu. Bibi alisubiri ametulia, akachovya kidole kwenye asali akampaka kwenye fizi, ndani ya shavu, kidogo tu. Baada ya dakika chache akainua kichwa. Daktari alisema sukari ilishuka mwilini. Asali ya kwetu haikosekani, ila bado tulimpeleka akapewa dawa ya minyoo.

Mzazi wa Nzega

Nimesoma yote na naomba mniwie radhi, lazima niseme upande wa pili. Yule jirani mwenye panga mimi namwelewa.

Mbwa wetu hakuwa na chanjo. Siku mbili alijificha uvunguni mwa kitanda, sauti ikabadilika kama imekwaruzwa, akawa anatafuna vijiti na mawe. Kisha taya likaning'inia, mate hayakauki, nyuma anapepesuka. Siku ya tatu akaanza degedege. Kabla ya hapo alikuwa amemkwangua binti yangu kwa jino, mkwaruzo mdogo ambao mtu angeupuuza. Mama yake alimwosha kwa sabuni chini ya bomba mpaka maji ya ndoo tatu yakaisha, tukaenda hospitali siku hiyo hiyo, akamaliza sindano zote kwa ratiba. Mbwa alikufa kesho yake. Binti yuko darasa la sita sasa.

Kwa hiyo mleta mada, umefanya vema kwenda hospitali hata kama Popi ana kadi.

Afisa Mifugo Mstaafu

Mzazi wa Nzega amesema kweli tupu, na hakuna haja ya kuomba radhi. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo hatubahatishi.

Tofauti niliyowafundisha vijana wangu ni hii. Mwenye kifafa huanguka, hupotewa, kisha hurudi kuwa mbwa yule yule: anakula, anakunywa, anakujua. Mwenye kichaa harudi. Kila siku ni mbaya kuliko jana, na kwa kawaida hazipiti siku 10 kabla hajafa. Ndiyo maana mbwa aliyemng'ata mtu, kama anafungika kwa usalama, hufungwa akaangaliwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo. Mkimshuku, msimshike, mwiteni afisa. Na watoto wa mbwa wachanjwe wakifika miezi mitatu. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ulizeni ofisi ya mifugo ya kata yenu kama kuna zoezi la chanjo.

Popi ana miaka 3, amechanjwa, amerudi mzima baada ya saa tatu. Kifafa cha kuzaliwa nacho mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 6. Lakini apimwe damu, tusimsemee.

Fundi wa Cheyo

Mkuu, mimi nimeishi na mbwa mwenye kifafa miaka mitano, dume anaitwa Jeki. Anatumia fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege, kidonge asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12. Wiki mbili za mwanzo utadhani umemharibu: analala, anayumba, anakunywa maji ndoo nzima, anakojoa kila mahali, ana njaa isiyoisha. Usikate tamaa, kuyumba kunapungua.

Ninachotaka uandike ukutani ni hiki: dawa haikatwi ghafla. Nilipanda treni kwenda Dar kwenye msiba wa shangazi, nikamwachia mpwa wangu vidonge. Akaona Jeki mzima, anacheza, akasema amepona, akaacha kumpa. Siku ya tatu usiku zikaja degedege tatu mfululizo. Daktari alimwokoa kwa diazepamu, dawa ya kukatisha degedege, aliyomwingizia kwa nyuma, kwenye njia ya haja kubwa, maana mshipa haukushikika. Mimi niko Dar, nasikia kwenye simu makucha yanakwaruza sakafu. Sitaisahau sauti ile.

Nina daftari. Tarehe, saa, dakika ngapi, alikula nini, kulikuwa na radi au fataki. Kupitia daftari niligundua Jeki hujitangaza: robo saa kabla, hunifuata nyuma kama kivuli, analamba midomo, anataka kuegemea mguu wangu. Nikiona hivyo natandika godoro la zamani chini, naondoa vitu, nakaa naye.

Mtu wa Kiloleni (mleta mada)

Wakuu, nimerudi. Wiki tano zimepita, nilinyamaza kwa sababu mambo yaliongozana.

Jumatatu ile ile baada ya kuandika hapa, saa mbili kasoro usiku, Popi alilamba midomo akaja kuegemea mguu wa mwanangu. Mtoto ndiye aliyesema, "Baba, anafanya kama Jeki." Alikuwa ameusoma uzi wote. Alivuta sufuria, akazima redio, akabonyeza saa ya kwenye simu yangu. Mke wangu akachukua video. Mimi nilikaa mgongoni kwake na mikono yangu mapajani, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kumshika. Dakika 1 na sekunde 40. Niliposikia mtoto anataja sekunde kwa sauti ya chini, nilishangaa jinsi muda ulivyo mfupi.

Daktari aliitazama ile video mara mbili. Damu imepimwa, ini na figo viko sawa. Kwa kuwa zilikuja mbili ndani ya siku nne, amemwanzisha dawa. Aliyumba kama fundi alivyosema, sasa ametulia. Tangu hapo amepata moja tu, fupi. Kidole changu kimepona na sindano nimemaliza.

Mzee wa nyumba ya pili huwa anauliza kila akitoka sala ya isha, akiwa bado upande wake wa ua: "Mgonjwa amepewa dawa?" Saa mbili imefika, nimeshakisokota kidonge ndani ya tonge la ugali na kichwa cha dagaa, naenda kumpa. Fundi wa Cheyo, nikirudi naomba unieleze unavyokata kidonge nusu bila kusagika.