Ombi letu liko kamati ya afya ya bunge la kaunti tangu Februari, tufuatilie wapi?

salama_wa_wadi

Habari zenu wadau. Naomba mwenye kujua mambo ya bunge la kaunti anisaidie maana tumefika mwisho wa akili zetu. Kwetu kuna zahanati, ikaongezewa chumba cha kina mama kujifungulia, jengo likaisha kabisa, mabati, vigae, rangi, halafu likapigwa kufuli na ni mwaka wa pili sasa. Hakuna maji, stima haijavutwa, nesi ni mmoja na saa kumi jioni anaondoka. Mama akishikwa na uchungu usiku ni bodaboda mpaka hospitali ya mjini, na hiyo barabara mvua ikinyesha tunaijua wenyewe.

Mwezi wa pili tuliandika ombi, tukakusanya sahihi 212 kwenye daftari la shule, tukampelekea karani wa bunge. Mwezi wa tano kamati ya afya ikaja, waheshimiwa sita na karani wao. Mwenye ufunguo hakuonekana siku hiyo kwa hivyo wakachungulia dirishani, mmoja akapangusa vumbi kwenye kioo na kitambaa chake, tukaona kitanda cha kuzalia bado kimevalishwa nailoni yake ya dukani. Mheshimiwa mmoja alisimama pale muda mrefu, hakusema kitu. Wakatuahidi ripoti. Sasa ni Agosti, kimya. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi bungeni, tukimpigia anasema yeye hayuko kwenye kamati hiyo. Tungoje ama kuna mlango mwingine wa kubisha?

bonde_la_juu

Dada pole sana. Mimi nitakuambia vile nimeona kwetu, hizo kamati zinakuja, zinapiga picha, wanalipwa marupurupu ya kikao na mambo yanaishia hapo. Pelekeni hiyo stori kwa redio, gavana akisikia atatuma watu.

karani_wa_zamani

@bonde_la_juu redio nayo isaidie, lakini usimkatishe tamaa huyu dada, hapo alipofika ni mbali kuliko wengi. Nimekuwa karani wa kamati miaka minne kwenye bunge la kaunti moja, wacha nieleze vile mambo huenda ndani.

Dada Salama, kwanza hiyo si hisani mnaomba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na zahanati ni kazi ya kaunti si ya serikali kuu kule Nairobi. Ombi likishasomwa bungeni linapewa kamati, na Kanuni za Kudumu zimeweka siku za kamati kurudisha jibu, kwetu zilikuwa 60. Muulizeni karani za bunge lenu ni ngapi, na muwe na ile nakala yenu iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kama hamkupigiwa muhuri semeni mapema maana hapo ndipo watu hupotezewa karatasi.

Sasa sikia kitu watu wa nje hawajui. Mara nyingi ripoti huwa imeshaandikwa! Karani ameimaliza wiki mbili baada ya ziara, iko kwa kompyuta, inangoja zaidi ya nusu ya wanakamati watie sahihi ndio mwenyekiti aiweke mezani bungeni. Na hapo ndio inalala, mmoja yuko safari, mwingine amekosana na mwenyekiti, bunge limeenda mapumziko. Mimi nimezunguka na ripoti kwa begi nikitafuta sahihi hotelini na hata matangani. Kwa hivyo msiulize "mmefikia wapi", mtajibiwa inashughulikiwa. Ulizeni ripoti ina sahihi ngapi, na itaingia mezani siku gani. Kikao cha kamati pia mnaweza kukaa mkasikiliza, Katiba kifungu cha 196 inasema bunge na kamati zake zikae wazi kwa umma, askari wa getini akiwarudisha mwambieni hivyo kwa upole tu.

Na kitu kingine, kamati inaweza kumwita mtu yeyote aje kujieleza, kifungu cha 195 cha Katiba kinaipa nguvu za Mahakama Kuu kwa kuita mashahidi. Kwa hivyo yule kontrakta na ofisa wa afya wanaweza kuitwa waseme kwa nini nyumba ilipokelewa bila maji. Hiyo muiombe kwa maandishi.

mama_bajeti

Karani amesema vizuri, naongeza upande wa pesa kwa sababu ripoti ikipita na hakuna pesa mtabaki na karatasi. Bunge lenyewe halichimbi kisima wala halivuti stima, wanaofanya ni serikali ya gavana. Na bila ile kazi kuandikwa kwenye bajeti waziri wa afya wa kaunti atawaambia hana pesa na atakuwa anasema ukweli.

Mko na bahati moja, ni Agosti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaokuja unatakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, halafu mwezi wa pili tarehe 28 kunakuja karatasi ya mikakati ya fedha, halafu 30 Aprili makadirio yenyewe ya bajeti. Watu wengi huamka Juni wakati kila kitu kimeshafungwa. Andikeni sasa, tangi, pampu, stima, nesi wa usiku, kila kitu na jina la zahanati, msiandike "tuboreshewe afya".

Na mkifika kamati ya bajeti mjue hili, waheshimiwa wakiongeza pesa mahali lazima wapunguze mahali pengine, ndivyo sheria ya usimamizi wa fedha za umma inasema. Sisi tulikuwa tunataka choo cha soko, mwaka wa kwanza tulilia tu, hatukupata. Mwaka wa pili tukafungua kile kitabu cha makadirio usiku kucha sebuleni kwangu na tochi ya simu maana stima ilipotea, tukapata pesa za ukuta wa ofisi ambayo iko na ukuta tayari. Tukaenda na namba ya ukurasa. Mwenyekiti akafungua palepale mbele yetu, akanyamaza, akapiga mstari na kalamu. Choo kiko, naenda hapo kila siku ya soko.

bonde_la_juu

Hiyo ya namba ya ukurasa sikuwa najua. Hicho kitabu mlikipata wapi?

mama_bajeti

Ofisi ya karani wa bunge. Wakikunyima andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wako na siku 21 kukujibu.

salama_wa_wadi

Jamani Mungu awabariki. Leo asubuhi nimeenda na mwalimu mstaafu ambaye ndiye aliyeandika lile ombi. Tumeuliza vile karani alisema, sahihi ngapi? Yule kijana wa ofisini ametuangalia, akafungua droo. Ripoti iko! Kurasa tisa, picha ya kile kitanda iko ndani, na imependekeza maji na stima viwekwe. Kamati ina watu kumi na moja, wametia sahihi wanne. Tumebakisha wawili.

Majina ya ambao hawajatia tumepewa, mmoja anatoka wadi ya jirani, kina mama wa huko pia wanakuja kwa zahanati yetu. Kesho jioni tunaenda kwake watu saba. Mama bajeti, ile barua ya mpango wa maendeleo nikiiandika usiku huu naweza kukuonyesha kabla sijaipeleka?

mama_bajeti

Nitumie hata saa sita usiku, niko macho.