Fundi ameipiga dairekti swichi ya hita ya gesi bila kupima presha ya feni, mama akaanguka akitoka bafuni (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, kwa sababu zipo nyumba nyingi hapa Arusha, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni, zenye hita za maji za gesi kama yangu.

Hita yetu ni ile yenye feni inayotoa moshi nje kupitia bomba la ukutani. Mwezi Juni, baridi ilipoanza, ikawa inawaka dakika mbili tatu kisha inajizima. Niliita kampuni moja ya hapa mjini, wakamtuma fundi, akakaa nusu saa, akafuta vumbi la juu juu na kuniandikia risiti ya shilingi 85,000 yenye maneno "sevisi kamili". Tangu siku ile hita haikujizima tena, nami nikamshukuru.

Siku ya tisa mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alitoka bafuni akishika ukuta, akisema kichwa kinampasua na anasikia kichefuchefu, kisha akaanguka mlangoni. Tulimtoa nje apate hewa, tukamkimbiza hospitali, na daktari, baada ya kutuuliza maji tunapashia nini na kumpima damu, akasema ni sumu ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mama amepona, namshukuru Mungu.

Nikamwita fundi mwingine kutoka Moshi. Alipofungua kifuniko tu aliniambia nisogee nione: kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kimeunganisha ncha mbili za swichi ya presha, yaani imepigwa dairekti: umeme unapita moja kwa moja bila kuisubiri swichi. Swichi hiyo ina utando ndani unaovutwa na hewa ya feni kupitia kimpira chembamba, na feni isipovuta vya kutosha, umeme haupiti na gesi haifunguki. Kwa hiyo hita ilipokuwa inajizima mwezi Juni ilikuwa inatuonya kwamba moshi hautoki, na mtu tuliyemlipa akaiziba mdomo.

Fundi wa Moshi alichomeka mpira wa manomita, yaani kifaa cha kupimia presha ya hewa, kwenye tundu la kupimia, akarudisha kifuniko, akawasha hita kwa nguvu yake yote. Ilisoma paskali 38, wakati kijitabu cha hita yetu kinataka zisipungue 90. Hakuishia kwenye namba. Alitoa feni, tukakuta mapanga yake yamevikwa vumbi na nyuzi za mataulo, zito kama kipande cha blanketi. Kimpira kimepasuka pale kinapovalia kwenye feni. Na ndani ya bomba, karibu na ncha ya nje, nyigu wamejenga kiota cha tope kilichoziba zaidi ya nusu. Baada ya kusafisha, kubadili kimpira na kuung'oa ule waya, manomita ilisoma 112. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu.

Nilipowapigia wale wa kwanza walijibu kwamba hita ilikuwa inawaka walipoondoka, kana kwamba kuwaka ndiyo sevisi. Nikauliza presha ya feni ilisoma ngapi. Msimamizi akasema wao husikiliza tu mlio wa feni. Wakuu, feni hii ilikuwa inavuma vizuri kabisa ikiwa na paskali 38, na hakuna sikio linaloweza kujua tofauti hiyo!

Ninadai warudishe fedha yangu, walipe gharama za hospitali, na wawapigie simu wateja wote ambao fundi huyo amewahi kuwafanyia kazi. Nimewapa barua yenye siku saba.

Kwa yeyote ambaye hita yake ilikuwa inajizima na baada ya sevisi ikaacha bila kubadilishiwa wala kusafishwa chochote: funga mtungi leo, usiifungue hita mwenyewe, mwite fundi mwenye manomita na umtake aandike kwenye risiti namba ya kabla na ya baada. Dada mmoja wa Sakina amenieleza mchana huu kwamba fundi huyohuyo alikwenda kwake wiki iliyopita, na ana mtoto wa miezi minne. Nimemsihi asiiwashe tena, na kesho asubuhi ninampeleka yule fundi wa Moshi.